Msumari Ulioshika Mtandao

Tarehe kumi na nne Aprili, siku ya Jumatatu, mama yangu alifariki. Ilikuwa asubuhi, jua halijatokea. Kwetu jua huchelewa kwa sababu milima iko upande wa mashariki, na watu huwa wameshafika shambani kabla hawajaliona. Alikuwa ameniomba uji. Niliporudi na kikombe hakuwepo tena, ingawa mkono wake ulikuwa bado una joto.

Nilikuwa naishi naye. Mume wangu alitangulia zamani, watoto wangu wameoa na kuolewa, nami nilirudi kwenye nyumba niliyozaliwa, chini ya milima, mwendo mfupi kabla ya kufika Matema, karibu na ziwa. Tulikuwa wawili, mimi na mama, na kokoa, na migomba, na jaruba moja la mpunga mbele ya shamba. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, yuko Afrika Kusini. Alikwenda huko kijana, sasa ana mvi. Hana karatasi za kukaa kule. Akitoka harudi, na akiwa hapa hana kazi, na kule ana mke na watoto wanaomtegemea. Nayasema haya mapema ili mtu asije akauliza kwa nini hakuja kumzika mama yake. Watu wengi waliuliza.

Nilipomfunika mama nilikwenda jikoni kumpigia simu mdogo wangu. Nilikwenda jikoni kwa sababu nyumba yetu ina mahali pamoja tu penye mtandao, na mahali hapo ni kwenye msumari.

Msumari huo uko kwenye nguzo ya jikoni, upande unaotazama ziwa. Baba ndiye aliyeupigilia, akatundikia ungo. Simu zilipoingia, mama alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe chenye tochi kichwani. Siku moja alikitundika pale ndani ya mfuko wa kitambaa ili kuku wasikiangushe, kikalia. Kabla ya hapo kilikuwa hakijawahi kulia ndani ya nyumba. Ukikitoa kwenye msumari, hata ukikishika tu mkononi pale pale, sauti inakatika. Kwa hiyo mama alikuwa anabonyeza kupokea, anaweka sauti ya juu, anakiacha kining'inie, naye anaongea akiutazama ukuta. Mwanzoni alikuwa anaongea amesimama. Miguu ilipoanza kumvimba, mdogo wangu akawa kila anapopiga, kila Jumapili baada ya ibada, neno lake la kwanza ni moja: "Mama, umekaa?" Na mama anajibu, "Bado," anavuta kigoda, kigoda kinakwaruza sakafu, na yule kule anasikia kile kikwaruzo, ndipo anaanza salamu.

Niliijua sababu ya mambo haya kutoka kwa fundi mmoja wa minara. Alikuja mwaka ule walipoongeza vyombo kwenye mnara ulio ng'ambo ya majaruba, akapanga chumba kwa jirani, lakini alikuwa anakula kwetu kwa kuwa alipenda wali wa mama. Mama alimwuliza kwa nini simu kubwa ya kioo, ambayo mwanawe alimtumia kwa mfanyabiashara mmoja aliyepita nayo mpakani Kasumulu, ikiingia ndani ya nyumba inakuwa kioo kitupu, wakati kitochi kilichokwaruzika kinalia.

Fundi alikuwa anakula. Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa injili huko barabarani, na spika zilikuwa zinapiga. Akasema, "Mama, unasikia nini kutoka kule?"

"Nasikia ngoma yao. Du, du, du."

"Maneno unayasikia?"

"Siyasikii."

"Basi ndivyo ilivyo. Ile sauti nene inapita kwenye miti, inapita kwenye ukuta, inakuja mpaka hapa kwenye sahani yangu. Ile nyembamba yenye maneno inabaki kule kule. Mawimbi ya simu nayo yako hivyo. Yapo ya chini, ya megahezi mia nane, mia tisa. Hayo yanakwenda mbali na yanaingia ndani. Yapo ya juu, elfu moja na mia nane kwenda mbele. Hayo yanabeba vitu vingi, picha, video, kwa haraka, lakini mti unayazuia, kilima kinayazuia, hata bati. Hapa kwenu ile kasi wameiweka kwenye wimbi la juu. Kitochi chako kinatumia la chini."

Mama akafikiri, kisha akasema, "Kwa hiyo kitochi ni cha wazee. Kinasikia neno moja moja, lakini kinasikia."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema jambo jingine, ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Alisema hata hiyo kasi ya wimbi la juu si ya mtu mmoja. Alionyesha sinia lililokuwa mbele yetu. Mkiwa watatu mnashiba, akasema, wakija ishirini na sinia ni hilo hilo kila mmoja anapata tonge. Mnara ni sinia. Mama akamwambia basi ale haraka kabla hao ishirini hawajafika.

Ukitaka simu kubwa ifanye kazi, ulitakiwa kutoka uani, upite kwenye mikokoa mpaka inapoishia, pale penye tuta la jaruba. Hapo hakuna mti mbele yako, na bega la mlima linabaki nyuma, na mnara unauona umesimama ng'ambo ya mpunga. Mama alifika pale mara moja tu kwa ajili hiyo. Tulimpakia kwenye bajaji, bajaji ikayumba kwenye njia ya shamba, tukamshusha, nikampigia mdogo wangu kwa video, na mama akauona uso wa mwanawe baada ya miaka mingi. Hakusema chochote. Alikuwa anakisogeza kioo karibu na jicho, anakirudisha. Tuliporudi nilimwuliza mbona hakuongea. Akasema, "Nilikuwa namtazama. Nitaongea naye Jumapili."

Kwa hiyo siku ile ya msiba nilisimama kwenye msumari nikapiga. Kwetu mtu haambiwi msiba moja kwa moja kwenye simu. Unamwambia mgonjwa amezidiwa, naye anaelewa, anakaa chini, ndipo mnaendelea. Nilisema, "Mama amezidiwa." Kulikuwa na kelele za magari upande wake. Akaniuliza, "Dada, wewe umekaa?" Nikajua ameelewa.

Tuliongea maneno machache. Kisha akasema, "Sitakuja. Unajua."

"Najua."

"Nataka kumwona kabla hamjamfunika."

"Nitampiga picha nikutumie."

"Siyo picha, dada. Picha ni ya baadaye. Nataka niwepo na nyinyi mkiwepo. Hata kama ni kidogo."

Nikamwambia nitajaribu. Sikumwahidi, kwa sababu nilijua mikokoa ilivyo minene mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha na majani yamejaa maji.

Jumanne mjomba alifika kutoka Ipyana. Ni mdogo wa mama, ndiye mzee aliyebaki upande wao, na kwetu bila yeye hakizikwi kitu. Ni mtu mpole lakini akishasema amesema. Ilikuwa imeamuliwa tuzike Jumatano mchana, na kaburi lilikuwa linachimbwa pale pale nyumbani, kwenye migomba, kando ya baba. Sisi tunazika nyumbani. Mtu akifia kwake anaoshwa kwake, anaagwa uani kwake na kulala kwenye migomba yake. Jeneza halitoki nje ya boma.

Nilijaribu simu kubwa uani, mahali ambapo jeneza lingewekwa. Iliandika inaunganisha, inaunganisha, kisha ikakata. Niliijaribu juu ya kiti. Nikamwomba kijana wa jirani apande nayo paa la jikoni, huko nako ikashika kidogo na kuachia. Mdogo wangu alionekana kama vipande vya rangi, halafu hakuonekana.

Jumatano asubuhi nikamfuata mjomba alipokuwa amekaa na wanaume.

"Mjomba, nina ombi. Tumsogeze mpaka mwisho wa mikokoa."

"Tumsogeze nani?"

"Mama."

Mjomba akakung'uta kofia yake kwenye goti.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya mnara na mlima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mtoto anayo haki ya kumuaga mama yake. Hilo sikatai. Mwambie apige kwenye kile kitochi aongee, tutanyamaza wote tumsikie. Lakini dada yangu ameshalala nyumbani kwake. Nimtoe tena nje, nimpeleke mpungani, nikamwambie anakwenda wapi? Maiti haitafuti mtandao."

Mmoja wa wanaume aliguna kukubali. Sikubisha. Sikuwa na hasira pia, maana aliyoyasema yalikuwa kweli, na yaliyosemwa na mdogo wangu yalikuwa kweli, na mimi nilikuwa katikati sina cha kuongeza. Nilirudi ndani nikakaa na wanawake kando ya mama. Nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba mchana ule wangemfunika, na huyu wa kule angekuwa amesimama mahali fulani na simu mkononi akisubiri.

Hapo ndipo lazima nimtaje mtani wetu. Ni mwanamke wa Kikisi, mfinyanzi wa vyungu, anakaa ufukweni. Sijui kwa wengine, lakini kati ya ukoo wetu na ukoo wake utani upo tangu enzi za mababu. Yeye na mama walikuwa wakiitana "mke mwenzangu", na kila mmoja alikuwa na matusi yake kwa mwenzake, mengine siwezi kuyaandika. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo mfiwa hana. Anaweza kucheka. Anaweza kuzuia jeneza. Akidai kitu lazima apewe, la sivyo mazishi hayaendi.

Alikuwa amefika tangu alfajiri, na alikuwa ameshaanza. Alivaa gauni la mama la kanisani juu ya nguo zake, akatembea uani akichechemea kama mama alivyokuwa akichechemea. Akaenda jikoni akakitoa kitochi kwenye msumari, akaweka sikioni.

"Haloo? Mke mwenzangu, umefika? Ehe. Huko mtandao upo? Ehe. Bila msumari?" Akageuka kwetu. "Anasema upo, ila wenyeji hawajampa chakula."

Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nami nilicheka. Kisha akakirudisha kitochi, akaja akakaa karibu nami, akaninong'oneza kwa sauti yake ya kawaida, "Nimesikia mjomba wako amekataa."

"Amekataa."

"Na wewe umenyamaza."

"Nitasema nini?"

"Hakuna. Wewe ni mfiwa, kazi yako kulia," akasema, akainuka.

Mchana jeneza lilitolewa hadi uani, likafunguliwa, watu wakaaga. Walikuwa wengi, kutoka barabarani, kutoka Matema, kutoka kanisani kwetu na kanisa jingine. Kwaya iliimba. Watu walipita mmoja mmoja, na vijana walipita wameinua simu. Mimi nilisimama kwenye msumari, kitochi kimewekwa sauti ya juu, mdogo wangu yuko hewani, lakini uani kulikuwa na kwaya na kilio na alichokuwa akikisema hakuna aliyekisikia, hata mimi. Nilisikia tu "dada", halafu "dada".

Kuaga kulipokwisha, mchungaji akatangaza twende kaburini. Wabebaji wakashika jeneza. Wakafika kwenye migomba wakasimama. Mtani alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameingia kaburini, amekaa chini kabisa, na gauni la mama limejaa udongo mwekundu.

"Toka humo," wanaume wakamwambia.

"Sitoki. Ni pazuri. Pana ubaridi."

"Unataka nini, tukupe kuku?"

"Kuku nitamla na nani? Mke mwenzangu ndiye huyo mmemfunga kwenye sanduku."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wenu nawajua, wamekonda kama mjomba."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Alisogea ukingoni, akainama, akasema kwa heshima, "Mtani, sema unachotaka."

Yule mwanamke akatazama juu. Hakuwa anatania tena, au alikuwa anatania kwa namna nyingine, sikuweza kujua. "Namtaka kijana," akasema. "Mtoto wa huyu mama. Nataka amwone mama yake pale mwisho wa mikokoa, penye mtandao. Akishamwona nitatoka. Asipomwona mtanizika humu na mimi, na watoto wangu mtawalea nyinyi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya migomba. Mjomba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mfiwa anaweza kukataliwa, na mimi nilikuwa nimekataliwa asubuhi, lakini mtani akidai ndani ya kaburi hakuna mzee anayeweza kumkatalia, hata akiwa mjomba. Nadhani alikuwa anajua hivyo, na nadhani pia, ingawa hili sikumwuliza na sitamwuliza, kwamba alikuwa anahitaji mtu amlazimishe.

Akavaa kofia. Akasogea kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, akaongea na dada yake kwa Kinyakyusa, polepole, kama unavyomwamsha mtu mzima aliyesinzia. Alimwomba radhi kwa usumbufu. Alimwambia hatumfukuzi nyumbani, tunampeleka kidogo tu na tutamrudisha. Kisha akawaambia wabebaji, "Twendeni," na yeye mwenyewe akatangulia mbele kwenye njia ya shamba, akisukuma matawi ya kokoa kwa fimbo ili yasiguse jeneza.

Watu wote wakafuata. Tulifika pale kwenye tuta. Wingu lilikuwa zito juu ya ziwa lakini mvua haikuwa imeanza. Jeneza likawekwa kwenye viti viwili vilivyoletwa mbio kutoka nyumbani, likafunguliwa. Mnara ulikuwa ng'ambo kule, unaonekana wote. Nikaitoa simu kubwa. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu. Nikapiga kwa video. Mdogo wangu akapokea papo hapo.

Picha ikaganda.

Niliona bega lake na kipande cha ukuta. Sauti ikaja imekatika, ikapotea. Nikakata, nikapiga tena. Ikaganda tena, safari hii jicho moja limefumba. Mjomba alikuwa amesimama kando yangu. Nikainua kichwa kutafuta msaada. Watu walikuwa wamejipanga kwenye tuta lote, na karibu kila mkono ulikuwa na simu juu. Habari ya jeneza kupelekwa kwenye mtandao haikuwa ya kila siku. Walikuwa wanapiga video, na nikaona wengine wanazituma pale pale, wanawaonyesha watu wao wa Kyela mjini, wa Mbeya, wa Dar.

Ndipo nikalikumbuka lile sinia.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani sijawahi kusimama kutoa ushuhuda. Nilimsogelea mtani, ambaye alikuwa ametoka kaburini na kutufuata akiwa na udongo wake, nikamwambia sikioni kwamba simu za watu zinakula mtandao wote, hakuna unaobaki.

Hakuniuliza maswali. Akapanda juu ya tuta.

"Nyie! Zimeni simu. Mnamla mtoto wa watu chakula chake."

Watu wakatazamana. Kijana mmoja akasema yeye hatumii video, anaandika tu. "Hata kuandika," akasema mtani, "zima, au nije nikuzimie mimi na mikono hii." Mikono ilikuwa na udongo hadi viwiko. Mjomba akaitoa simu yake mfukoni, kitochi kama cha mama, akaiinua watu waone, akaizima. Nadhani kitochi chake hakikuwa kinakula chochote, lakini aliizima. Basi na wengine wakazima. Simu zikizimwa nyingi pamoja zinatoa kale kamuziki kake, kila moja kwa wakati wake, na nilisikia tumuziki tukianzia karibu yangu tukienda hadi mwisho wa tuta, halafu kukawa na upepo tu kwenye mpunga.

Nikapiga mara ya tatu.

Sitaki kusema nisichokijua. Labda ni simu zilizozimwa, labda ni bahati. Lakini picha ilikuja, ikatulia. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya duka fulani, amevaa koti la kazi, ameshika kofia kifuani. Nikageuza simu, nikainama, nikaiweka juu ya uso wa mama.

Hakulia. Nilisikia magari yakipita nyuma yake. Kisha akasema, "Mbona amekuwa mdogo hivyo?"

"Aliugua," nikasema.

"Mikono yake iko wapi?"

Nikakishusha kitambaa. Mikono ya mama ilikuwa imepishanishwa, na kucha zake zilikuwa bado na ule weusi wa kokoa ambao hatukuweza kuuosha. Nikaisogeza simu pale. Nikasikia anavuta pumzi.

"Ndaga, mama," akasema. "Ndaga fijo." Alikuwa anamshukuru kwa Kinyakyusa. Alirudia, na mara ya tatu neno lilikatika katikati. Nilipoigeuza simu paji la uso wake lilikuwa limeganda, na kofia.

"Nipige tena?" nikamwuliza mjomba.

"Ameshamwona," akasema. "Tumrudishe."

Tukamrudisha kwa njia ile ile. Mtani alitembea nyuma kabisa na hakuzuia tena kitu. Mama alizikwa kando ya baba. Watu walipoanza kutupia udongo, wengine walikuwa wameshawasha simu, na ujumbe uliokuwa umesubiri ukawa unaingia mfukoni mwa mmoja, kisha mwa mwingine. Mjomba alikunja uso lakini aliendelea kutupia udongo.

Wiki ile mdogo wangu hakupiga, na mimi sikumpigia. Siku ya kuanua matanga mtani alidai haki yake, maana mtani haondoki mikono mitupu. Tulimwambia achague. Gauni alikuwa nalo tayari. Akaingia jikoni, akakitoa kitochi kwenye msumari pamoja na mfuko wake, akakitia kifuani. Ni haki yake. Msumari ukabaki mtupu, na mimi jikoni nikawa naepuka kuutazama.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani, nikabadili nguo, nikawasha moto. Nikasikia mtu anabisha hodi huku ameshaingia. Alikuwa mtani, anahema, ametembea kutoka ufukweni na udongo wa ufinyanzi bado uko vidoleni.

"Chukueni simu yenu," akasema.

"Ni yako. Tulikupa."

"Imelia nikiwa na chungu mkononi. Napokea, mtu ananiuliza, umekaa? Nikamwambia mimi ni mfinyanzi, nakaa chini siku nzima. Akanyamaza." Akajifuta jasho. "Mimi sina mtoto Afrika Kusini, mke mwenzangu. Nipeni yule kuku."

Akakitundika mwenyewe kwenye msumari, akatoka nje kumtafuta kuku. Nilikuwa sijamaliza kupuliza moto simu ilipolia. Nikainuka, nikabonyeza, nikaweka sauti ya juu.

"Dada," akasema. "Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa."

Nikakivuta kigoda cha mama, kikakwaruza sakafu, nikakaa.